Mashine ya Mawese Iliyosimama Mpakani

Jirani yangu hapa Kabezi aliletewa mikungu miwili ya chikichi na shemeji yake, akazichemsha uani asubuhi nzima. Mimi nilikuwa ndani napiga pasi. Harufu ilipoingia dirishani niliiweka pasi pembeni, nikakaa kitandani juu ya nguo nilizokwisha kunyoosha, na nikajikuta natabasamu peke yangu.

Wanaonunua mawese kwenye chupa barabarani hawaijui harufu hiyo. Mawese yaliyokwisha kukamuliwa yananukia chakula. Chikichi zinazochemka zinanukia moshi na majani yaliyolowa, na ndani yake mna kitu kitamu kidogo, kama shingo ya mtoto aliyetoka kulala. Ukiwa umekulia Rumonge, hiyo ndiyo harufu ya siku ambayo watu wazima wote wako nyumbani, wamekunja mikono ya mashati, na hakuna anayekumbuka kukutuma.

Kwetu siku hizo zilikuwa na kituko ambacho sijakiona mahali pengine.

Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania. Nasema tumerudi, ingawa mimi nilizaliwa kambini na sikuwa nimewahi kukanyaga Burundi. Niliijua kutoka mdomoni mwa Bibi, mama yake Baba. Jioni nyingi alinieleza shamba la Rumonge mchikichi mmoja mmoja: ule ulioinama kuelekea ziwani, ule wenye kovu la panga, ile mitatu iliyoota karibu karibu kama watu wanaosengenya. Babu aliipanda yote. Asubuhi moja watu walikuja kumchukua Babu, hakurudi, na Bibi akaondoka na Baba mgongoni. Sehemu hiyo aliisimulia kwa maneno machache sana, kisha akarudi kwenye michikichi.

Kwa hiyo tuliposhuka kwenye lori na kupanda njia ya udongo, mimi, Baba, Mama na Bibi, nilikuwa naitambua ile michikichi kwa mbali kama jamaa. Sikutegemea nyumba. Palikuwa na nyumba ya matofali, nguo zimeanikwa, mwanamke anatwanga, na msichana wa umri wangu aliyesimama kwa mguu mmoja akitutazama.

Mimi nilifikiri haraka, nikapata maelezo: hawa ni watu tuliowaachia shamba watutunzie. Nikamwendea yule mwanamke, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa kambini, nikasema, "Shikamoo. Asanteni sana kwa kututunzia."

Yule mwanamke alitazama mchi wake, akamtazama Bibi, akanitazama mimi.

"Murakoze," akasema mwishowe, yaani asanteni, kwa Kirundi.

Huyo alikuwa Mama Esperansi. Msichana aliyesimama kwa mguu mmoja alikuwa Esperansi mwenyewe, na baba yake, Papa Esperansi, alitoka nyuma ya nyumba akifuta mikono yenye mafuta. Baba yake Papa Esperansi aliletwa pale na serikali kutoka milimani, wakati sisi tumekwisha kukimbia, akaambiwa ardhi haina mwenyewe. Papa Esperansi alikulia pale. Kaburi la baba yake lilikuwa pale. Hata Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kutafuta sababu za kumwonea mtu huruma, alilitazama lile kaburi kwa muda kabla ya kugeuza uso.

Wakaja watu wa tume ya ardhi, wakasikiliza, wakapima kwa kamba, na wakaamua kama walivyoamua kwa wengi: shamba likatwe katikati, nusu yetu, nusu yao. Walipiga vigingi vidogo kutoka barabarani hadi kwenye mteremko. Baadaye ingepandwa miyenzi, ule mti wa ua wenye maziwa meupe ambao kwetu ndio unaosema hapa ni kwangu na pale ni kwako. Ila kabla ya kupanda, kila upande ulipaswa kuweka kidole kwenye karatasi ya kukubali.

Papa Esperansi aliweka. Bibi alikataa.

Shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la Babu, kwa hiyo kidole kilichotakiwa kilikuwa cha Bibi, si cha Baba. Na kila mtu, hata mimi, alijua kitakachofuata Bibi asipokubali: kesi itapanda mahakamani Bujumbura, na ikishapanda, siku moja itashuka na kumtoa mtu. Ama sisi tungerudi kwenye mahema ya mapokezi, ama Esperansi na wazazi wake wangefunga mizigo. Tayari kulikuwa na jirani mmoja wa bondeni aliyetolewa hivyo na askari, vyungu vyake vikabaki barabarani. Baba alibembeleza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nusu ya mume wangu iko wapi, nikaiweke kwenye nusu ya shamba?" Baba akaacha kubembeleza siku hiyo.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ndogo, ya ubinafsi: nilikuwa nimekwisha kumpata Esperansi na sikutaka achukuliwe.

Kamba ile ya tume ilipita bila kujali kitu. Choo cha kina Esperansi kilibaki kwao, lakini jiko lao la nje lilibaki kwetu. Michikichi mingi inayozaa ilibaki kwetu. Nyumba ikabaki kwao. Na mashine ya kukamulia mawese, ambayo Papa Esperansi aliinunua kwa jasho lake na kuijengea kwa saruji, ilisimama juu ya mpaka wenyewe, nusu huku na nusu kule.

Sasa Bibi alitoa amri. Maadamu hajaweka kidole, hakuna mtu wa kwetu atakayekanyaga ng'ambo ya vigingi. "Ukikanyaga itabidi uombe ruhusa," alisema, "na ukiomba ruhusa, umekubali kwamba ni pao." Papa Esperansi aliposikia, alijibu kwa kipimo hicho hicho: basi na wa kwake hawatakanyaga kwetu. Mama Esperansi akaanza kupika juu ya mafiga matatu hewani, akilitazama jiko lake lenye paa. Bibi naye, ili asikitumie choo chao, aliteremka kila asubuhi hadi kwa Bi Zaituni, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa akiuza ndagala kavu, yaani dagaa, karibu na barabara. Baba, aliyekwisha kutujengea nyumba ya udongo upande wetu, alikuwa anachimba choo chetu, lakini alikutana na jiwe.

Nirudi kwenye mashine. Ilikuwa pipa la chuma lenye matundu, juu yake parafujo nene kama paja, na juu ya parafujo mti mrefu uliolala, wenye kutokeza pande zote mbili. Chikichi zikishachemka na kutwangwa zinamiminwa ndani zikiwa bado moto. Watu wanashika ncha mbili za mti na kuzunguka, parafujo inashuka, mafuta mekundu yanatiririka kwenye beseni. Kazi nyepesi ya kuzunguka tu. Isipokuwa duara hilo lilikatwa na mpaka.

Na hakuna aliyeweza kukamua peke yake: sisi tulikuwa na mikungu bila mashine, wao mashine bila mikungu ya kutosha. Baba na Papa Esperansi walipatana kwa maneno machache kwamba watakamua pamoja na kugawana, ila kila mtu abaki kwake. Hivi ndivyo walivyofanya. Baba anasukuma ncha yake nusu duara, anafika kwenye mpaka, anaachia. Wakati huo huo Papa Esperansi naye amefika kwenye mpaka upande wa pili, anaachia. Kisha wote wawili wanageuka na kukimbia nyuma, kila mmoja ndani ya nusu yake, kwenda kupokea ncha aliyoiacha mwenzake. Wanasukuma nusu duara, wanaachia, wanakimbia nyuma. Kila walipoachia, parafujo ilirudi kidogo na mafuta yakasita.

Watu waliokuwa wanaenda sokoni waliacha njia kuja kutazama.

"Papa Esperansi!" mmoja alipiga kelele. "Iko mashine ama iko ngoma?"

"Iko mutoto wako," alijibu Papa Esperansi akihema, "njoo umubebe!"

Baba, aliyekuwa mtu wa aibu, alikimbia nyuma huku ameinamisha kichwa. Lakini nilimwona akicheka.

Esperansi na mimi kazi yetu ilikuwa kuangalia beseni. Tulikaa kila mtu upande wake, magoti yakikaribia kugusana, tukizungumza Kiswahili, maana Kirundi changu kilimchekesha. Kiswahili changu pia kilimchekesha.

"Eti 'naomba maji'," alinidhihaki. "Unaomba, uko masikini? Sema 'unipe mayi'."

"Si adabu."

"Mutanzaniya! Hapa adabu iko kusema haraka, mutu asichoke kukusikiliza."

Ni kwake ndiko nilikopeleka ugunduzi wangu. Kambini nilikuwa nimesikia maneno Mhutu na Mtutsi, siku zote yakisemwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Nilijua sisi ni moja na wao ni jingine. Lakini nilikuwa mtoto wa kuchunguza, na nilichunguza wiki kadhaa bila kupata kitu. Nilitazama namna wanavyokula ndagala, namna wanavyofunga nguo, namna Mama Esperansi anavyoshika mwiko. Nilitazama pua, kwa sababu mtu aliniambia nitazame pua, na nikakuta pua ya Papa Esperansi inafanana na ya Baba kuliko ya mtu yeyote. Mwisho, kwa kukosa tofauti nyingine, nikaona ile iliyokuwa mbele ya macho yangu wakati wote: vigingi. Wao wako kule, sisi tuko huku. Basi kabila ni upande. Serikali inapiga vigingi ili watu wajue.

Jambo hili lilinitia wasiwasi mmoja. Bibi hakujua, lakini mimi kwa Bi Zaituni sikuwahi kufika kwa wakati, na mara nyingi nilikimbilia choo cha kina Esperansi.

"Nikiingia chooni kwenu," nilimwambia Esperansi kwa sauti ya kambini, "nakuwa Mtutsi. Nikitoka narudi Mhutu."

Esperansi hakucheka. Alilifikiria kwa makini, kidole ndani ya beseni.

"Na ukikaa sana huko ndani?"

"Sijui. Huwa natoka haraka."

"Na kuku yetu? Ile inalala kwenu, asubuhi inataga kwetu."

Tulimtazama kuku. Alikuwa anachakura juu ya mpaka, na kwa kweli hakuonekana kama mwenye shida.

Esperansi alimweleza mama yake, na mama yake alicheka mpaka akaketi chini. Akamweleza mumewe, mumewe akamweleza Baba wakiwa kwenye mashine, na mti ukasimama katikati kwa sababu wote wawili hawakuwa na nguvu ya kusukuma. Baba aliponirudia alikuwa bado anafuta macho. "Mwanangu," alisema, "ni kosa zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu jambo hilo." Kisha akaondoka kwenda kulitazama lile jiwe la shimo la choo, na akakaa huko muda mrefu bila kuchimba.

Bibi hakuambiwa.

Sasa ikafika siku ya mwisho. Tume ilituma kijana mmoja, shati jeupe lililopigwa pasi, kamba mkononi, na nyuma yake mtu aliyebeba vipande vya miyenzi vya kupanda. Alikuwa na maagizo: Bibi aweke kidole leo, wapande leo, au faili liende Bujumbura leo hiyo hiyo.

Alifika vibaya. Chikichi zilikuwa zimekwisha kutwangwa na kumiminwa ndani ya mashine, zinatoa moshi, na Baba alikuwa amelala ndani akitetemeka kwa malaria. Mama alikuwa amekwenda kumtafutia dawa. Upande wetu wa mti alibaki Bibi.

"Amahoro, Bibi," alisalimu kijana. "Nimekuja kwa ajili ya ule mpaka."

Bibi alimjibu kwa Kirundi, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyokumbuka. "Mpaka haupoi. Chikichi zinapoa. Zikipoa hazitoi kitu. Shika hapa."

"Bibi, mimi niko kazini."

"Na hii unaiona ni nini? Shika, mwanangu. Mama yako hakukuzaa uwe wa kubeba kamba tu."

Mama Esperansi alicheka upande wa pili. Kijana alitazama shati lake, akakunja mikono, akashika ncha ya mti. Bibi alisimama pembeni yake, akaegemeza kifua kwenye mti, akainamisha kichwa. Ng'ambo, Papa Esperansi na mkewe walishika ncha yao.

Wakasukuma.

Kijana alikuwa hajui habari ya kuachia na kukimbia nyuma. Hakuna aliyemwambia. Na pale kwenye mashine hapakuwa na kigingi, kwa sababu wanaokimbia nyuma wangejikwaa. Palikuwa na alama ya jembe tu, na miguu yetu ilikuwa imekwisha kuifuta. Alipofika mpakani alifanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaendelea. Na Bibi, kichwa chini, akihema na kusukuma, akaendelea naye.

Niliona mguu wake wa kulia ukivuka. Kisha wa kushoto.

Upande wa pili Papa Esperansi alikuwa amefika kwenye mpaka wake na akasita, mkono unataka kuachia. Mkewe alimtazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nanyooka mgongo. "Sukuma," akamwambia kwa mdomo bila sauti. Papa Esperansi akavuta pumzi, akaingia kwetu kama mtu anayeingia maji ya ziwa asubuhi.

Esperansi alifungua kinywa. Nilimziba kwa mkono wenye mafuta. Alinilamba kiganja ili nimwachie, sikumwachia.

Wakazunguka. Parafujo, ambayo haikuwahi kushuka bila kusita, ilishuka moja kwa moja ikilia, na mafuta yakatoka mazito, mekundu, bila kukatika, yakalijaza beseni mpaka tukalazimika kusogeza la pili. Waliokuwa wakipita njiani walisimama. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Sauti pekee ilikuwa ya Bibi, akimsema kijana kwamba anasukuma kwa mikono badala ya kifua, na kwamba serikali ya siku hizi haiwalishi vijana wake.

Walizunguka mpaka mti ukakataa kwenda. Bibi akauachia, akapiga hatua mbili za kuyumba, akakuta kiti kidogo cha mti nyuma yake, akaketi. Kilikuwa kiti cha Mama Esperansi. Kilikuwa mbele ya mlango wa Mama Esperansi.

"Mayi," alisema Bibi, macho yamefumba.

Mama Esperansi akaenda mbio, akarudi na kikombe, akakitoa kwa mikono miwili, ameinama. Bibi akanywa. Halafu akafumbua macho.

Mtu akiwa amekaa pale aliona kile ambacho Bibi hakuwahi kukiona: kwetu. Nyumba yetu mpya ya udongo, michikichi ya Babu nyuma yake, mimi na Esperansi tumeshikana kwenye beseni kama majambazi, kijana wa tume na shati lake lenye madoa mekundu. Bibi alitazama vyote polepole. Akatazama miguu yake, na udongo uliokuwa chini ya miguu yake. Papa Esperansi, aliyekuwa amesimama upande wetu, hakuthubutu kurudi wala kubaki.

Mpaka leo sina hakika kama Bibi aligundua wakati ule, au alikuwa anajua tangu mguu wa kwanza. Niliwahi kumuuliza nilipokuwa mkubwa. Aliniuliza kama sina kazi.

"Kutoka hapa," alisema mwishowe, kwa sauti ya juu ili Baba asikie ndani, "ule ukuta wa nyumba yetu umepinda. Nani aliyejenga ukuta ule?"

Sauti dhaifu ya Baba ilitoka ndani ya blanketi: "Ni mimi, Mama."

Mama Esperansi ndiye aliyeanza kucheka, akifuta uso kwa kitenge, kisha Papa Esperansi, kisha wale wa njiani. Bibi hakucheka. Alimwita kijana kwa kidole.

"Lete hiyo karatasi yako."

Kijana aliileta mbio. Bibi hakuhitaji wino wake. Alichovya kidole gumba kwenye mawese yaliyobaki kiganjani mwake tangu kumimina chikichi, akakibandika, na karatasi ikanyonya mafuta mpaka upande wa pili. Kijana alitaka kusema kitu kuhusu wino. Badala yake akaipepea karatasi, kana kwamba mafuta hukauka.

"Pandeni miyenzi yenu," Bibi akasema. "Kutoka barabarani mpaka hapo, na kutoka pale mpaka chini. Hapa pa kuzungukia msichomeke hata kijiti."

"Bibi, mpaka hauwezi kuachwa wazi katikati."

"Basi utakuwa unakuja wewe kukamua."

Kijana alimtazama Papa Esperansi, kama mtu anayeomba msaada. Papa Esperansi akaangalia juu, akaanza kuichunguza michikichi. Mama Esperansi alikuwa bado amesimama mbele ya kiti, mikono mbele, akisubiri. Bibi akamrudishia kikombe.

"Ongeza," akamwambia.